Viti vya Ekolojiki vya Bwana Makamu

Clovis, jirani yangu hapa Kabambare, amekuwa makamu wa kila kitu. Makamu wa kwaya, makamu wa timu ya mpira, makamu wa komite ya wazazi wa shule ya msingi. Hata tulipochagua mtu wa kushika ufunguo wa bomba la maji, yeye akachaguliwa kuushika siku ambazo mwenye ufunguo amesafiri. Anauza chumvi, sabuni na betri kwenye kibanda mbele ya nyumba yake, na sijapata kumwona akimpunja mtu. Si mtu mbaya. Ila neno "makamu" linamwasha kama upupu, na kwa sababu tunajua hivyo, sisi sote humwita Bwana Makamu.

Mwaka jana shirika moja la kutunza misitu lilimwita mjini Kasongo kwa semina ya siku tatu. Alirudi na kofia ya kijani, kijitabu chenye picha, na neno jipya: ekolojiki. Wiki nzima hatukuweza kununua kipande cha sabuni bila kuhubiriwa kwanza. Vitu vya nyumbani, alisema, lazima viwe ekolojiki, yaani visivyomaliza msitu. Tena watu wa shirika wangekuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi kukagua sebule za watu. Wangechagua nyumba moja iwe ya mfano, na mwenye nyumba hiyo angekuwa prezida wa komite ya mazingira. Neno hilo, prezida, Clovis alilitamka amefumba macho.

Sasa katika sebule yake kulikuwa na viti vinne. Vilisukwa na mzee Musafiri wa Lusangi, baba wa Léocadie, mke wa Clovis. Alivisuka kwa kekele, ile kamba ngumu ya msituni ambayo ukiikata leo, inaota tena, wala hakupiga hata msumari mmoja. Alimpa binti yake siku ya harusi: vitatu vya wageni, na cha nne, chenye mikono, cha kukalia yeye mwenyewe akija kumtembelea. Alikikalia miaka kumi na mmoja. Alipofariki, Léocadie aliendelea kukipangusa kila asubuhi kabla hajanawa uso.

"Mama Laetitia, hii viti iko ya pori," nilimsikia Clovis akimwambia mkewe kwa jina la mtoto wao, nami niko upande wangu wa ua. "Mutu anatoka Kasongo na buku yake, utamukalisha juu ya kamba?"

"Baba Laetitia, iko ya baba yangu."

"Baba yako hakujua ekolojiki."

Nilikasirika, sifichi. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, lakini huyu aliacha mbachao kwa msala uliokuwa bado kwenye picha.

Fundi aliyemtaka amtengenezee viti vipya ni Ruphin, seremala wa kijiji cha Wamaza. Simu ya Ruphin haipati mtandao, kwa hiyo Clovis alimtuma Yassine, motari wetu wa pikipiki, na ujumbe wa mdomo: Ruphin atengeneze vitu vya kukalia vitano, vya ekolojiki, haraka. Njia ya Wamaza tunaijua, mashimo na matope na magogo yanayoitwa daraja. Pikipiki ikatikisika, Yassine akatikisika, na neno nalo likakatika katikati. Aliposhuka alikuwa na "ekole" peke yake, na "lojiki" imening'inia nyuma.

Na ekole, kwa mtu yeyote aliyepita darasani kwetu, ni shule. Ruphin alinieleza baadaye bila haya hata kidogo: "Clovis iko makamu wa wazazi ya ekole. Mutu wa ekole anaomba vitu ya ekole. Ile iko lojiki."

Huku kwetu Clovis alikuwa ameshatoa viti nje ili sebule ipumue. Ilikuwa wiki ya mvua, kuni zimelowa, na sufuria ya maharagwe ilikataa kuchemka. Léocadie alikuwa shambani. Clovis akachukua shoka, akachagua kiti kikubwa kuliko vyote, kile chenye mikono. Mke wake aliporudi alikuta maharagwe yameiva vizuri. Hakula. Alisema tumbo linamuuma, na mimi najua halikuwa tumbo. Nilizunguka ua nikabeba vile vitatu vilivyobaki bila kuomba ruhusa, na Clovis akanishukuru kwa kumpunguzia takataka.

Ijumaa, siku moja kabla ya wageni, vijana wa Wamaza walifika wakisukuma baiskeli zilizolemewa. Walishusha madawati matano ya shule. Yalikuwa ya mvule mtupu, ya mti mkubwa ambao Ruphin aliuangusha makusudi kwa ajili ya kazi hii, na kila dawati lilikuwa na tundu la kichupa cha wino. Clovis alilizunguka la kwanza, akatia kidole kwenye tundu. Muda wa kubadilisha haukuwepo. Aliyapanga sebuleni yakitazama mlango, akayafunika kwa vitambaa vya kufuma.

Jumamosi alikuja Bi Emmanuella wa shirika na wenzake wawili. Nami nilikwenda, singeikosa siku ile hata kwa malaria. Wageni walijibana kwenye madawati, magoti yakigusa kidevu. Mmoja wao alipotaka maji, aliinua mkono kwanza.

"Hii mbao iko ya muti gani?" Bi Emmanuella aliuliza.

"Mvule," Clovis alisema.

"Muti mukubwa?"

"Mukubwa sana," alijibu kwa fahari, kabla hajajisikia.

Kalamu ya mama yule ilikuwa imeshashuka kwenye karatasi wakati Roger, mwalimu mkuu wa shule ya msingi, alipobisha hodi na wazazi kumi nyuma yake. Habari za madawati zilikuwa zimemfikia tangu jana.

"Bwana Makamu," alisema, macho yamelowa kweli, "watoto walikuwa wanakaa chini, na weye ulikuwa unatengenezesha polepole bila kujisifu. Mungu akubariki."

Bi Emmanuella alisimama akapiga makofi. Clovis aliwatazama wageni, akampa Roger mkono. Wazazi walibeba madawati wakitoka nayo, na vitambaa vya kufuma vikabaki sakafuni.

Wageni walibaki wamesimama. Nilikwenda kwangu nikavileta vile viti vitatu, nami nakiri kwamba sikutembea polepole. Bi Emmanuella hakukaa. Alikipindua kimoja, akapitisha kidole kwenye msuko.

"Hakuna musumari," alisema. "Hakuna muti ulianguka. Nani alitengeneza hii?"

"Baba yangu," Léocadie alijibu kutoka mlango wa jikoni. Tangu asubuhi hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu.

Mama yule alimwomba Léocadie jina lake lote, akaliandika juu kabisa kwenye orodha ya komite. Prezida. Kisha akauliza nani awe makamu. Wazazi hawakuwa wamefika mbali, walimjibu kwa pamoja kutoka barabarani, madawati yakiwa vichwani: Clovis.

"Basi ukae, Bwana Makamu, tuandike," Bi Emmanuella alisema, naye akakaa na wenzake.

Clovis aligeuka huku na huku. Viti vilikuwa vitatu na wageni watatu.

"Ilikuwa tatu tu?" mama yule aliuliza.

"Ilikuwa ine," Léocadie alisema. "Ile ya baba mwenyewe tuliipikia maharagi."