Chumba Kisichoingia Jua

Mtu wa Dar akitafuta chumba, huuliza kwanza kama jua linakipiga. Ndivyo nilivyofanya mwaka 2016 nilipofika Johannesburg kusoma shahada ya pili. Nilionyeshwa vyumba viwili vinavyotazamana katika ghorofa moja la Braamfontein, nikachagua kile ambacho jua haliingii kabisa. Nikajiona mjanja.

Ikaja Juni, ambayo huku ni kipindi cha baridi kali. Nje jua linawaka, mbingu haina hata wingu, na mimi ndani nimevaa soksi jozi mbili na kofia, sina hamu ya kula wala kuoga. Jioni giza linaingia mapema utadhani limetumwa. Nilijiuliza naumwa nini. Malaria hapa hakuna, na sikuwa nimefiwa. Mama alisema kwenye simu kwamba nimetupiwa kitu, niache masomo nirudi nikasomewe dua. Mwenzangu wa darasani alisema ni uvivu, nikamfokea mpaka akaacha kunisalimia. Niliona wote wawili wamesema kweli, na wote wawili wamekosea. Nikafunga begi. Nikafungua, nikafunga tena, wala sikujua nikifika Dar nitasema nimerudia nini.

Katika kile chumba nilichokikataa alikaa dada mmoja Mkongomani, fundi cherehani. Nilikwenda kumwachia sufuria yangu. Alipofungua mlango, jua la asubuhi lilikuwa limejaa kitandani, juu ya vitambaa, mpaka ukutani. Nikamwambia narudi nyumbani, chumba changu kimenishinda. Alicheka sana. Alisema siku zote alikuwa akishangaa ni mtu gani huyo analipa kodi ili akae ndani ya friji.

Alinisogezea kiti dirishani, akaendelea kushona. Mgongo ulipopata joto, machozi yakaanza kunitoka, tena mengi, mbele ya mwanamke nisiyemjua vizuri. Nilikasirika. Kama ni baridi tu, mbona nalia? Na kama si baridi, mbona sitaki kuinuka hapa?

"Unalilia nini, kaka?"

"Sijui, dada."

Alisimamisha cherehani, akanitazama kidogo, kisha akaniambia nisogeze kiti, jua limehama.

"Baridi ipite kwanza, ndiyo uamue kwenda," alisema. "Kesho ukuye tena. Utalilia hapa."