Kikombe cha Melino

Melino alichora vikombe vya divai miaka ishirini na miwili pale Kerameiko, mtaa wa wafinyanzi wa Athene, na kila kikombe kiliandikwa, "Thrason alichora." Thrason ni mumewe. Kufinyanga alijua, tusimnyime haki yake. Kuchora? Akichora farasi ungedhani mbuzi mwenye homa.

Mkono wa Melino ndio uliouza. Mnywaji akimaliza divai yake, chini kabisa alikutana na kibibi anahangaika na kamba ya kiatu, akacheka peke yake. "Thrason, una mkono wewe!" wanaume wakasema. Naye akapokea sifa mbele ya mkewe, macho makavu.

Siku moja Melino akamwambia, "Kimoja tu, baba. Kimoja kiwe na jina langu."

"Watu watasema nini?"

"Watasema nimechora. Kwani sikuchora?"

Ajabu, akakubali. "Haya mama, andika."

Melino akakishughulikia siku nne. Akachora mwanamke ameinamia kikombe, brashi mkononi, na jina lake akalizungushia pembeni.

Kupanga tanuri ilikuwa kazi ya Thrason. Walipolifungua, vikombe vyote vilimeremeta weusi wa kunguru, isipokuwa kile. Kimepinda kama mdomo wa mlevi, kimejaa mabaka.

"Moto hauna macho," Thrason akasema.

"Ulikiweka wapi?"

"Mbele."

Mbele, mlangoni pa moto, joto hupinda vikombe; huwekwa vigae vya paa tu. Hata aliyeanza kazi jana anajua hilo. Melino akakichukua. Akakitupa jalalani kwa mkono wake, kikavunjika.

Baridi ilipoingia, mji ukapiga kura ya kumfukuza mkubwa mmoja. Kura yenyewe ni kigae, kipande cha chombo kilichovunjika: unakwaruza jina la usiyemtaka. Watu wakaja kuokota vigae kwenye jalala la Thrason. Muuza vitunguu mmoja akainua chake, akakigeuza.

"Thrason! Melino ndiye nani?"

"Hata simjui, ndugu yangu. Wewe kwaruza upande wa pili."

Melino alikuwa amesimama papo hapo, brashi mkononi.

"Kwaruza, kaka," akasema, akimnyooshea Thrason brashi. "Na nafasi ikibaki, kwaruza na jina la huyu."

Muuza vitunguu akacheka, akaenda zake. Kura zilipokwisha, vigae vikamwagwa kuziba mashimo ya barabara. Mkokoteni unaoleta udongo kwa Thrason hupita juu ya vigae hivyo kila asubuhi.