Fisi wa Ofisi ya Ardhi

Bi Magego alitengeneza meno ya bandia miaka thelathini na mbili, na siku alipostaafu mikono ikakataa kustaafu naye. Akaanza kufinyanga wanyama wa hadithi kwa saruji, wadogo wa kubebwa kwa mkono mmoja, akawa anawabandika mjini popote roho ilipomtuma. Kobe alimweka kwenye ngazi za jengo ambalo lifti yake ni pambo tu. Sungura akachungulia juu ya ukuta wa soko. Fisi, kipenzi chake, alimpa dirisha la ofisi ya ardhi, pale watu wanaposubiri mpaka makalio yanakufa ganzi, awachekee mdomo wazi.

Na meno ya fisi yule! Utadhani yatakutafuna. Watu walimpenda, wakampangusa vumbi, wakapiga naye picha. Bi Magego akipita alijifanya hamjui, huku moyoni anachekelea.

Basi asubuhi moja mlango ukagongwa. Alikuwa mkuu wa ofisi ya ardhi mwenyewe, mtu ambaye hakuna karani aliyewahi kumwona akicheka, kampakata fisi ndani ya gazeti.

"Mama, hii kazi ni yako?"

"Yangu, baba. Karibu ndani. Kwani amekosa nini?"

"Amekosa nini? Haya meno ni yangu!"

Bi Magego akavaa miwani, akatazama. Kweli tupu. Alipotafuta meno ya fisi alichomoa kalibu moja ya plasta, chapa ya kinywa cha mtu, kwenye boksi la wateja wa zamani, akamiminia saruji humo bila kusoma jina lililoandikwa chini yake. Kinywa cha mtu ni siri ya mtu, naye hakuwahi kutoboa siri ya mteja hata kwa dada yake. Leo kamtundika mmoja kwenye dirisha la ofisi yake mwenyewe! Aliona aibu, tena aibu ya kazi, ambayo haina pa kujificha.

"Nisamehe, baba. Nayang'oa sasa hivi." Akachukua koleo.

"Ngoja kwanza!" Mkuu akamvuta fisi kifuani. "Kalibu hii uliitengeneza lini?"

"Kabla hujang'olewa. Nilitaka kujua meno yako yalikaaje."

"Na huu mwanya?"

"Wako. Wa kuzaliwa."

Mkuu akakaa kitini bila kukaribishwa, akapitisha kidole kwenye ule mwanya, taratibu.

"Marehemu mke wangu alinipendea huu," alisema. "Wewe ukanipa meno yaliyonyooka."

"Uliyataka mwenyewe."

"Nilikuwa mjinga. Nikicheka naona kwenye kioo anacheka mtu mwingine. Nikaacha kucheka."

Bi Magego machozi yalimlengalenga, na kicheko nacho kilikuwa kinambana.

"Fisi nitamrudisha mwenyewe, leo leo, mchana kweupe," alisema mkuu. "Ila mimi, Mama, nitengenezee kama yake."

Bi Magego alikuwa ameshakwenda kunawa mikono aanze kazi.