Veranda ya Mama Yangu Iko Chini ya Madhabahu

Admin, ficha jina langu kabisa, maana nusu ya kanisa letu wanasoma hapa. Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba, naishi upande wa Njoro, nina duka la maziwa nililolianzisha na ndoo mbili. Kabla ya hapo nilikuwa karani wa yadi ya mbao Elburgon miaka tisa. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu mbao zikiingia na zikitoka. Kwa hivyo mkinicheka, nicheke­ni vizuri, kwa sababu ni mimi huyo huyo nimeibiwa mbao.

Naishi na mama yangu mzazi, ana miaka themanini na moja na anatembea na mkongojo. Ploti yetu imeinama, mlango wa mbele uko futi nne juu ya ardhi, na mbele yake kuna veranda ya mbao yenye mteremko wa kushukia. Hiyo veranda ndiyo dunia yake. Anaota jua pale, anachambua maharagwe, anasimamisha kila mpita njia amuulize ni mtoto wa nani. Mihimili ya chini ilipoanza kuoza, nikaamua itengenezwe kabla hajaanguka.

Nikamchukua fundi wa kanisani kwetu, yule anayeongoza kwaya. Mihimili nilinunua mwenyewe: kumi na minne, saiprasi, inchi sita kwa mbili, iliyotiwa dawa. Kwa mazoea ya yadi nikaandika namba nyekundu, moja hadi kumi na nne, kwenye kichwa cha kila mmoja. Asubuhi ya kwanza fundi akavua kofia, akasema, "Mathe, tuombee kazi kwanza." Tukashikana mikono juu ya zile mbao, tukaomba, mama akaitikia amina. Hapo ndipo nilipopotea. Ukishaombea mbao na mtu, jioni utaanzaje kuinama na tochi kuzihesabu? Siku ya tatu nilijaribu. Akacheka: "Aii, mathe! Unanikagua kama soja wa geti na sisi ni watu wa kanisa moja?" Nikaona aibu, nikarudi kwa maziwa yangu.

Akamaliza. Juu mbao mpya, na kila mahali amepaka oili chafu ya gari, eti ya kufukuza mchwa. Ilinuka gereji, lakini ilimetameta, nikamshukuru.

Wiki ya tano mama akatoka kuota jua, ubao ukafyatuka misumari, mguu ukazama hadi gotini. Ngozi ya muundi ilichunika kama ganda la kiazi. Nilipompeleka zahanati na kurudi, nikang'oa ubao mmoja. Chini kulikuwa na mihimili ileile ya zamani, imelainika kama ugali uliolala, mabuu meupe yanatembea ndani, na panya aliyekufa siku nyingi. Fundi alikuwa amegongelea mbao mpya juu ya uozo, akafunika harufu na oili. Nikampigia simu. "Mathe, hiyo ni unyevu tu. Mbao ni kama binadamu, huzeeka." Kwa wiki tano!

Sasa sikilizeni. Alhamisi iliyofuata ilikuwa zamu ya akina mama kuosha kanisa. Kuna jukwaa jipya la madhabahu, ambalo fundi alijenga na pasta akamsifu mbele ya watu kuwa ametoa mbao zake mwenyewe. Kitambaa changu kikaanguka nyuma yake, nikainama kukiokota. Nikaona tisa. Tisa yangu nyekundu, ile ninayoipigia mstari chini isichanganywe na sita. Nikalala kifudifudi na gauni langu, nikahesabu. Kumi na moja. Hizo tatu nyingine sijui ziko wapi.

Nikawaita fundi na pasta ofisini kwa kanisa. Fundi hakuona hata haya: "Mathe, si wewe uliahidi kutoa kitu kwa ujenzi? Mimi nimekusaidia kutimiza." Nikamgeukia pasta. Akatabasamu: "Mama, zimeshasimama nyumbani kwa Bwana. Hesabu kwamba umepanda mbegu."

"Pasta," nikamwambia, "mbegu hupandwa na mwenye shamba. Huyu ni mwizi."

"Usiseme hivyo. Jumapili tunaweka jukwaa wakfu, wageni wanakuja."

Nilifika nyumbani nimeamua nitaenda na mtarimbo nikang'oe zangu. Mama ndiye alinizuia. Alikuwa kitandani, mguu umefungwa bandeji, akanishika mkono: "Wacha, mwanangu. Mimi nitakaa tu ndani. Nisije nikafa kanisa likiwa limetukasirikia, nikose wa kuniimbia kaburini." Tangu aumie hajaona jua. Sasa huniuliza mimi nani amepita barabarani.

Na bado. Mimi ndiye mwenyekiti wa akina mama. Desturi yetu, mtu akiheshimiwa, akina mama huingia wakiimba na mwenyekiti humvika shuka mpya mabegani. Jumapili hii anayevikwa ni fundi. Shuka iko hapa mezani, nimeikunja mara nne. Nitasimama juu ya mihimili ya mama yangu, mbele ya watu mia tatu, nimvike mtu aliyemfungia mama yangu ndani ya nyumba.

Nikisema ukweli, nitakuwa nimevuruga mazishi ya mama kabla hajafa. Nikinyamaza, nitaimbaje? Nishaurini jamani kabla ya Jumapili: niingie na shuka, ama niingie na mtarimbo?