Dakika ya Tatu

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi niliyomchafulia rafiki yangu jina kati ya Kibaha na Mbezi Luis, na mpaka leo akili yangu haijatulia.

Umenionyesha kwenye simu mbio za baiskeli za Wazungu, ukaniuliza mbona wastani wa mwendo wao siku hizi unawapita mabingwa wa zamani. Ni miguu? Ni baiskeli? Au wanatumia dawa? Jirani yetu hapa Segerea keshakata shauri: dawa. Mimi sijui. Wallahi sijui.

Ujanani nilikuwa naendesha baiskeli za mashindano pamoja na Liponda, mchonga vinyago kutoka Newala, mpole kupita kiasi. Timu yetu ilitaka mtu mmoja wa kwenda kushindana nje ya nchi. Tukapimwa kwa saa, mmoja mmoja, kutoka Kibaha hadi Mbezi. Yeye wa kwanza, alfajiri, mimi wa mwisho, jua limeshapanda. Mazoezini nilikuwa namshinda kila mara. Siku hiyo namaliza, naambiwa kanizidi dakika tatu! Damu ikanichemka.

"Kashika lori huyo!" nikapiga kelele mbele ya waamuzi, maana vijana wengi walikuwa na mchezo huo wa kuning'inia nyuma ya malori.

"Braza, mie sijashika lori lolote," akasema Liponda.

Hakuna aliyemsikiliza. Wakamwengua, nikachukuliwa mimi. Wanasema mdomo huponza kichwa. Wangu uliponza cha mwenzangu.

Fundi wetu wa baiskeli, Mzee Kombo wa Tandika, hakunipongeza. Wiki iliyofuata aliazima baiskeli ya Liponda, akanirudisha Kibaha saa ile ile aliyoondoka mwenzangu. Nilishangaa! Upepo wa baharini ulionipiga kifuani siku ile ulikuwa bado haujaamka. Gololi zilikuwa mpya, magurudumu yanakwenda yenyewe.

"Nimepunguza dakika mbili," nikamwambia tulipofika. "Imebaki moja. Hiyo ndiyo ya lori."

"Ulimwona?"

"Sikumwona."

"Basi hiyo moja hujui ni ya nini. Usilolijua usilipe jina."

Nikaenda kwa Liponda na aibu yangu. Nikamweleza upepo, nikamweleza gololi, nikaomba radhi. Akanisikiliza mpaka mwisho, patasi mkononi, kisha akauliza: "Na dakika ya tatu?"

Nilitaka kusema, mwanangu, ni ya miguu yako, ulimi ukagoma, kwa sababu sikuwa na hakika. Akarudi kwenye kinyago chake. Hakushindana tena. Na mimi kwa waamuzi sikurudi. Nilisafiri kwa nafasi yake, nikijionea haya njia nzima.

Bado nachanganyikiwa. Huenda alishika lori kweli. Huenda alikuwa hodari kunishinda, basi. Nikiegemea huku, moyo unanivuta kule, na uzee haujanisaidia.

Basi sikia. Baiskeli hubadilika, barabara hubadilika, chakula na mazoezi hubadilika, na wadanganyifu nao wapo, sikatai. Lakini namba peke yake si shahidi. Mwenzio akikupita, tafuta sababu zote. Ukizimaliza na bado kuna kilichobaki, mpe yeye, mpaka aje aliyeona kwa macho yake. Mimi nilimnyima Liponda neno moja, na neno hilo lilikuwa haki yake.

Mungu akujalie, mwanangu, miguu myepesi na ulimi mzito. Amina.