Upinde Mrefu Niliompelekea Baba

Mwezi uliopita nilipita Karatu mjini, kwenye duka la vinyago wanakoshushwa watalii. Ukutani walikuwa wametundika pinde, zote urefu mmoja, zimepigwa vanishi zinang'aa. Kijana wa duka akaniambia, "Mama, chukua wowote, zote ni sawa tu." Nilicheka, lakini sikuugusa hata mmoja. Laiti zingekuwa sawa siku ile kule kwetu Baray, kando ya ziwa!

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nyumbani kwetu kulikuwa na pinde mbili. Mrefu ulinipita kimo, mikono yake myembamba, ukiuvuta unakuja taratibu. Huo ulikuwa wa mbugani, wa kupeleka mshale mbali. Mfupi ulinifika kifuani, mshiko wake mnene, mgumu kama bibi yangu akinuna. Huo ulikuwa wa kuingia nao vichakani. Kila Jumamosi kazi yangu ilikuwa kuzipaka mafuta ya kondoo, maana upepo wa ziwani huja na vumbi la magadi ukakausha mti hadi upasuke. Mpaka leo nikisikia harufu ya mafuta hayo naliona jiko letu, makande yanatokota, mama anamenya vitunguu huku akitufokea. Nikuambie ukweli, mrefu niliupenda, niliupaka na kuurudia. Mfupi ulikuwa umepita wiki tatu sijaugusa.

Jioni moja, jua bado lipo, jirani yetu alimkuta nguruwe pori kwenye mahindi akamchoma mkuki. Mnyama hakufa. Alikimbilia kichaka cha korongoni, chini kidogo ya njia ambayo akina mama walikuwa wanarudi nayo kutoka kisimani, na mama yangu yumo. Baba aliwahi huko na mbwa, mkononi ana panga tu. Nikasikia sauti yake: "Lete upinde! Mbio!"

Hakusema upi. Hakuwa na haja, mtoto yeyote wa kwetu alijua.

Niliingia ndani, nikaushika mfupi. Ulikuwa umepauka, vumbi limeganda hadi kwenye mshiko. Nikaona fimbo ya baba, nikaona atakavyoniuliza mbele ya watu nilikuwa nafanya nini Jumamosi zote hizo. Nikaurudisha ukutani. Nikachukua mrefu na podo la mishale, nikakimbia.

Baba aliutazama, akanitazama. "Huu?" Mbwa mmoja alikuwa ameshapasuliwa, analia. Hakukuwa na muda. Baba alipiga goti, akavuta, na ncha ya juu ikanasa kwenye miiba ya kikwata. Mshale ukachoma udongo. Nguruwe akatoka moja kwa moja juu yake. Jirani alimmalizia kwa mkuki, lakini paja la baba lilikuwa limeshachanwa kwa meno yake, na mimi nimesimama pale nimeshika podo, nimejikojolea.

Hakufa, ashukuriwe Mungu, ila mguu haukurudi kuwa mguu. Wanaume walikuja kumjulia hali, wakinywa togwa niliyowamiminia mimi mwenyewe, na hawakukosa kumtania: "Mzee mzima, unaingia kichakani na mrefu?" Baba alijibu kila mara, "Niliuagiza mwenyewe. Nilikosea." Hakuwahi kunitazama akisema hivyo. Togwa ilinimwagikia.

Siku hizi kichaka kimefyekwa, korongo lote ni vitunguu, na vijana wa huko hawajui hata kufunga uzi wa upinde. Wale wanaume wote tumewazika. Baba alichechemea hadi uzeeni. Mimi nilikwisha kuwa na watoto wangu nilipopata ujasiri. Tulikuwa wawili tu, nikaanza, "Baba, ule upinde mfupi..."

"Ulikuwa mkavu," akasema. "Niliporudi kutoka hospitali niliomba nishushiwe nikaupaka pale pale kitandani, kabla mama yako hajauona."

Kisha akaniuliza kama kwetu mvua imenyesha. Nikamjibu imenyesha kidogo. Radhi sikumwomba, na sasa hayupo.