Sauti ya Dijei Forodha

Gordon Amollo aliiba sauti ya Zilpa. Hakuiba kuku wala baiskeli, na mume hakuhitaji kuibwa, kwa maana huyo alikuwa ameshaenda zake kwa miguu yake mwenyewe. Aliiba sauti. Aliitoa kinywani mwa mwanamke huyo mchana kweupe hapa mpakani Malaba, akaipandisha kwenye tovuti ya kugawa filamu za bure, akaiwekea picha yake mwenyewe amevaa miwani ya jua, halafu akaipa jina la kiume: Dijei Forodha. Watu wakavunjika mbavu Kenya nzima na nusu ya Uganda, na aliyewavunja mbavu alikuwa amekaa mlangoni akiuza karanga.

Zilpa ni mzaliwa wa Amukura, katika nyumba ambayo shule iliwatosha kaka zake tu. Hajui kusoma. Ila alipewa sauti nene, ya kutoka chini kabisa ya tumbo, na aliipata akiwa mdogo. Kanisani mwalimu wa kwaya alimtoa kwenye mstari wa wasichana akamsimamisha nyuma na wanaume wa besi, na huko ndiko alikokulia, akiimba katikati ya wazee wanaonuka tumbaku. Alipomzaa Sharlyne, binti yake wa pekee, alimbembeleza kwa sauti hiyohiyo. Majirani waliopita nje walidhani ana mgeni.

Baada ya mume kuondoka alihamia Malaba na beseni lake la karanga. Alikaa kwenye mlango wa kibanda cha video cha Gordon, nyuma ya foleni ya matrela, pale madereva wanapongojea karatasi zao zipite forodhani. Dereva anayengoja karatasi hana kazi nyingine ila kula karanga na kutazama watu wakipigana. Gordon alijua hilo. Filamu zake zote, za Wachina, Wakorea na Wahindi, alizivuta bure kutoka kwenye ile tovuti, na kwa kuwa madereva hawakuelewa Kichina, alikuwa na mtu wa Tororo aliyevuka mpaka kila siku kuja kuisema filamu kwa Kiswahili ikiendelea.

Siku moja mtu wa Tororo akashikwa na tumbo. Filamu ilianza bila msemaji. Mzee mwenye ndevu ndefu alimfokea kijana mwenye mkokoteni, wakafokeana mpaka watu wakaanza kugonga mabenchi wakitaka kutoka. Zilpa akaingiza kichwa kupitia pazia.

"Nyinyi hamna macho? Huyo mzee wa ndevu ni mkubwa wa forodha. Amezuia mzigo wa kijana. Kijana hana karatasi."

Mabenchi yakanyamaza.

"Sasa kijana anamwambia, mzee, mimi nimelala hapa barabarani siku ngapi, hata mke wangu amesahau sura yangu."

"Mwambie atoe chai!" dereva mmoja akapiga kelele kutoka nyuma.

"Ametoa. Mzee anasema ni chai ya mtoto hii. Ngojeni nimeze mate."

Hayo maneno, ngojeni nimeze mate, ndiyo yaliyokuja kumpa jina mtu mwingine. Zilpa aliyasema kila filamu ilipomzidi mbio. Wakati anameza, anaangalia nani analia na nani ameshika panga, kisha anaendelea. Kila ukuta aliouruka mtu ulikuwa mpaka. Kila kichaka kilikuwa njia ya panya. Binti wa mfalme alikuwa mtoto wa mchungaji aliyekataa kuolewa na mwenye trela moja kwa sababu kuna mwenye matatu. Siku hiyo madereva walioitwa kwenda kuchukua karatasi zao walikataa kutoka.

"Kumbe mama Sharlyne una kitu!" Gordon alisema, akampa kiti na maikrofoni.

Kuanzia hapo akawa anaanza kila filamu kwa salamu ya kila mtu aliyeketi mle ndani: "Mulembe, yoga, misawa, na nyinyi wa ng'ambo, mmefika?" Mluhya akaitika, Mteso akaitika, Mjaluo akaitika, Mganda akapiga mluzi. Malipo yake yalikuwa soda baridi, naye hakununa, kwa sababu tangu enzi za kwaya hakuna aliyekuwa amemwambia afungue mdomo. Aliuliza tu kuhusu waya mweusi uliotoka kwenye maikrofoni ukaingia kwenye kompyuta.

"Huo ni wa kufanya spika isikwaruze," Gordon alimjibu bila kupepesa macho.

Ukweli aliupata kwa Obuya, dereva wa trela la saruji, mteja asiye na haraka. Alikuja kununua karanga, Zilpa akamwambia, "Ngoja nimeze mate nikupimie." Obuya akaangusha kikombe cha kupimia.

"Mama, rudia."

"Nirudie nini?"

"Hiyo ya mate!"

Akatoa simu, akabonyeza, na Zilpa akajisikia mwenyewe akisalimia Malaba nzima kutoka kwenye kiganja cha mwanaume. Juu ya sauti kulikuwa na picha ya Gordon na miwani yake.

"Huyu ndiye Dijei Forodha," Obuya alisema. "Mimi na yeye tumeenda mpaka Kigali. Tumelala pamoja Mbarara trela lilipoharibika."

"Umelala na mimi Mbarara?" Zilpa akauliza. "Mimi ambaye sijafika hata Eldoret?"

Alimwendea Gordon na beseni mkononi. Gordon hakukana. Aliketi kama mtu anayefundisha mtoto.

"Mama Sharlyne, sauti ni hewa. Ikishatoka ni ya wote. Halafu filamu ya ngumi ikisemwa na mwanamke, nani atasikiza?"

"Si wanasikiza?"

"Wanasikiza kwa sababu hawajui."

"Basi waambie wajue. Sitaki kitu kingine. Sema tu ni mimi."

Gordon alicheka mpaka akavua miwani kupangusa macho. Wiki iliyofuata fundi alikuwa juu ya ngazi akipaka rangi kwenye bati mbele ya kibanda: uso wa Gordon, miwani, na maandishi ambayo Zilpa alisomewa na wapita njia. Yalisema hapa ni nyumbani kwa Dijei Forodha.

Hata hilo angelimeza, kama mate mengine. Lililomkwama ni Sharlyne. Binti huyo anasuka nywele katika saluni huko Nairobi, na Zilpa alipompigia kumpa habari, alipiga yowe la furaha.

"Dijei Forodha! Mama, huku tunamsikiliza tukisuka! Wewe unamjua?"

"Ni mimi."

Kikafuata kicheko.

"Mama, yule ni mwanaume mzima. Nimeona picha."

"Hiyo sauti ndiyo ilikufukuza na mwiko ulipokula nyama ya wageni. Sikiza: mulembe, yoga, misawa, na nyinyi wa ng'ambo, mmefika? Ngojeni nimeze mate."

"Wooi!" Sharlyne akawaita wenzake, akaweka simu kwa sauti kubwa. "Mama, rudia! Jamani sikizeni mama yangu anavyomwiga, anamwiga kuliko wote!"

Saluni nzima ikapiga makofi. Na makofi yalipoisha, Sharlyne akasema polepole, kwa ile sauti ya upole ambayo watoto huwawekea wazazi wanaozeeka, "Lakini mama, usiende kuambia watu eti ni wewe. Watasema umechanganyikiwa."

Obuya alijitolea kumpigia ili ashuhudie. Sharlyne alimwuliza yeye ni nani kwa mama yake na kwa nini ana namba hii, na mambo yakazidi kuharibika.

Hapo ndipo redio ilipotangaza. Gaudencia, muuza dagaa wa omena kutoka Osieko, kando ya ziwa, ambaye huketi karibu na Zilpa, alikuwa ameifungulia habari za saa saba. Mtangazaji akasema wenye filamu wameenda mahakamani, na mahakama imeamuru tovuti zote zinazogawa filamu za watu zifungwe kwa kuvunja hakimiliki.

Zilpa hakuwahi kulisikia neno hilo. Alisikia mawili, na yote mawili aliyajua. Haki. Miliki. Kwake ilikuwa amri, tena yenye mpango mzuri: kwanza upate haki, halafu umiliki kitu chako.

"Gaudencia, umesikia? Serikali imeingilia kesi yangu."

"Kesi gani?"

"Ya sauti. Wamesema haki, miliki."

"Serikali ikusikie wewe!" Gaudencia akageuza omena yake juani. "Mimi ziwa lilibeba nyumba nikalia mpaka likarudi, hakuna aliyekuja hata kuniangalia. Wewe umenung'unika kwa karanga, wakafunga tovuti?"

Lakini tovuti zilikuwa zimefungwa kweli. Madereva walibonyeza simu wakakuta ukurasa mweupe wenye mhuri. Gordon alipanda ngazi mwenyewe, akafungua misumari ya lile bati, akaligeuza uso ukaangalia ukuta. Zilpa hajui kusoma, lakini bati lililogeuzwa analijua maana yake.

Haikupita wiki, gari jeupe likasimama mbele ya kibanda. Akashuka afisa mwanamke mwenye viatu visivyofaa kwa matope ya Malaba, na askari wawili nyuma yake. Watazamaji walitoka kwa mlango, kwa dirisha na kwa tundu ambalo halikuwahi kuwa mlango wala dirisha. Wengine waliingia chini ya matrela. Mmoja alikimbia hadi Uganda. Aliyetembea kuwaelekea wageni alikuwa Zilpa peke yake, amefunga kitambaa cha kanisani.

"Nani hapa anaitwa Dijei Forodha?" afisa akauliza.

"Simjui, madamu," Gordon akajibu haraka. "Hata hajawahi kufika hapa."

Afisa akamwonyesha simu. "Na hii picha?"

"Hiyo ni miwani tu tunafanana."

Chini ya matrela watu wakacheka. Zilpa akampita Gordon kama mti unavyopitwa.

"Madamu, karibu. Nimewangoja tangu redio iseme. Mimi ndiye niliyevunjiwa hakimiliki. Dijei Forodha ni mimi."

"Mama, unajua unachosema? Ukikubali ni wewe, naweza kukupeleka ndani."

"Nipeleke. Lakini uandike jina vizuri: Zilpa."

Askari mmoja akatikisa kichwa. "Madamu, ile sauti ni ya mwanaume. Huyu mama anatuchezea."

"Wekeni filamu," Zilpa akasema, "halafu mzime sauti yake."

Kompyuta ya Gordon ilikuwa bado inawaka. Kwenye kioo akatokea mwanamke wa nguo nyeupe kando ya mto, analia, na chini yake maneno ya Kiingereza yakipita. Zilpa akakohoa.

"Mulembe, yoga, misawa, na nyinyi wa ng'ambo, mmefika? Sasa mnamwona huyu mama. Amevaa nyeupe kwa sababu ametoka mkutano wa akina mama wa kanisa. Alikuja mtoni kuosha sufuria ya harusi, sufuria ikaenda na maji. Sufuria yenyewe aliazima kwa shemeji yake. Na shemeji ndiye huyo anakuja na farasi. Ngojeni nimeze mate."

Vichwa vilianza kutoka chini ya matrela, kimoja kimoja. Afisa alikuwa akisoma yale maneno ya chini.

"Mama, hapo wanasema mfalme amekufa."

"Wao ndio wanasema hivyo. Mimi nimesema sufuria."

"Lakini si kweli."

"Ndiyo maana ni yangu, madamu. Ningesema mfalme amekufa ningekuwa nimewaibia. Sufuria wao hawakuwa nayo."

Afisa akageukia ukuta, mabega yakicheka peke yake. Alipogeuka tena alikuwa amerudisha uso wa kazi.

"Picha ni za watu, mama. Hata kuzisemea bila ruhusa ni kosa. Leo nakuonya tu, usirudie."

"Sirudii. Warudishieni picha zao. Na mimi mnirudishie sauti."

"Kwa hiyo ya sauti, sikutumwa."

"Si mmefunga tovuti? Mlipofunga, mliikuta mle ndani?"

"Imefungwa pamoja na mengine yote."

Wakaondoka na kompyuta, na Gordon katikati ya askari. Zilpa akarudi kwenye beseni lake.

"Gaudencia, nimefungwa," alisema. "Sikukamatwa, lakini nimefungwa."

Gordon alirudi baada ya siku chache, ameonywa na amenyolewa. Kibanda cha video hakipo tena. Mlemle anachaji simu na kuuza vifuniko vyake. Zilpa alimwomba jambo moja: ampigie Sharlyne amwambie ukweli. Siku ya kwanza Gordon hakuwa na salio. Siku ya pili mtandao ulisumbua. Ya tatu alisema yeye na Dijei Forodha hawajuani, na kwamba alishalisema hilo mbele ya serikali.

Basi Zilpa hana filamu za watu tena, lakini filamu anayo. Kila asubuhi Gordon akifungua mlango, beseni lake liko mbele yake na ile sauti ya besi inaanza, bila maikrofoni: "Mulembe, yoga, misawa, na nyinyi wa ng'ambo! Steringi wetu amefungua duka. Shati ni la jana. Anaangalia kulia, anaangalia kushoto, anatafuta miwani. Ngojeni nimeze mate." Madereva wanashuka kwenye matrela na chai zao mikononi. Wateja wa Gordon wanacheka hata wakati wanamkabidhi simu. Kwenye filamu hii Zilpa hakuomba ruhusa kwa mtu, na mwenye picha akitaka kushtaki, itabidi kwanza aeleze mahakama msemaji ni nani.

Wenye filamu walishapata haki yao kortini. Serikali haidaiwi na Zilpa, kwa kuwa haikutumwa. Sharlyne naye hadaiwi, ameamini alichoonyeshwa. Anayedaiwa ni Gordon Amollo wa Malaba, na deni lenyewe ni kupiga simu saluni na kusema, "Ile sauti ni ya mama yako." Simu za nusu ya mji huu zinachajiwa kwake.